Askari Aliyesugua Mtutu

Wapendwa, leo nataka kuwapeleka porini kidogo. Najua mchungaji akisema anatoa mfano, ninyi mnajiandaa kwa mpanzi na mbegu zake, na akina mama wa kwaya mnatabasamu kabisa kama watu wanaoujua mwisho. Leo hamuujui. Leo nazungumzia bunduki. Mzee wa kanisa pale mbele, usinikazie macho hivyo, sijaja nayo.

Kulikuwa na askari mmoja wa wanyamapori. Kituo chake kilikuwa mpakani, upande huu mashamba ya mahindi ya watu, upande ule hifadhi. Jina lake halisi halituhusu. Nyumbani mkewe alimwita Baba Sekela, nasi tumwite hivyo hivyo. Kazi yake aliifanya na mwenzake mmoja, mtu wa kufuata nyayo. Mnaijua kazi hiyo? Mfuata nyayo anatangulia mbele ameinama, anasoma ardhi, anatazama jani lililovunjika na kinyesi kama bado kina joto. Mkononi ana fimbo tu. Mwenye bunduki anakuja nyuma yake. Kwa hiyo yule wa mbele ameyaweka maisha yake mikononi mwa yule wa nyuma, na hana hata nafasi ya kugeuka kumwangalia kama yuko macho.

Watu hawa wawili walipendana. Walikula sahani moja, wakacheka pamoja, wakasemana kama ndugu wanavyosemana.

Siku moja waliitwa kumfuata nyati aliyenaswa mguu na waya wa majangili akaukata waya huo, akawa anazunguka karibu na mashamba na maumivu yake. Sasa Baba Sekela, wiki ile, alikuwa amerudi doria amechoka mno. Bunduki aliilaza sakafuni kwenye gari, penye vumbi na mchanga, akajisemea, nitaisafisha kesho. Ni nani hapa hajawahi kusema nitafanya kesho? Kesho ikaja na nyati.

Alitoka kichakani ghafla, kichwa chini. Baba Sekela akalenga vizuri kabisa, akavuta kilimi. Chuma kikalia tak, basi. Hakuna moto. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye komeo, kile chuma cha nyuma unachokivuta ukiikoki bunduki, ukaganda na mafuta ya zamani. Akakoki tena kwa nguvu zake zote, na mara hii ikalia, na nyati akaanguka. Lakini pembe ilikuwa imeshapita kwenye paja la mfuata nyayo.

Hakufa. Mungu ni mwema, hakufa. Ila mguu haukunyooka tena.

Alipopata nguvu za kuzungumza, kule hospitali, alimwita Baba Sekela karibu na kitanda. Akamwambia, "Ndugu yangu, nisikilize. Yamekwisha. Mimi sina neno na wewe, wala sitakuwa nalo. Sasa nenda ukale, uso umekukauka utadhani wewe ndiye mgonjwa."

Baba Sekela aliitikia kwa kichwa. Akatoka nje, akasimama kwenye ukuta wa hospitali, akalia mpaka mlinzi akamwendea kumuuliza amefiwa na nani.

Mfuata nyayo hakuweza tena kutembea porini, wakampa kazi ya geti. Kulikuwa na nguzo ndefu ya kuinua na kushusha magari yanapopita, na kibanda cha bati cha kujikinga na jua. Kutoka getini hadi nyumba za askari ni mahali pa kuitana tu kwa sauti. Lakini Baba Sekela, tangu siku ile, akitoka kwake alipita njia ya nyuma, ile inayozunguka tangi la maji. Wakikutana ilikuwa habari za asubuhi, nzuri, mguu vipi, haujambo, basi.

Naye akaanza kusafisha bunduki.

Kila siku, wapendwa. Amepiga risasi, hajapiga, anasafisha. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anaisimamisha bunduki kitako chini na mdomo juu, anachukua ufito wake wa chuma, anauzungushia tambara, anachovya kwenye mafuta. Halafu anachovya tambara lile lile kwenye majivu ya jikoni, kwa sababu mama yake alisugua sufuria kwa majivu na zikang'aa, na yeye alitaka mtutu wa bunduki ung'ae ndani namna ile. Kisha anaingiza ufito kwa juu, mdomoni, anasukuma chini, anavuta juu, chini, juu, kama mtu anayetwanga. Anasugua mpaka jasho linamtoka. Akimaliza anainua mtutu juani anachungulia, na akiona kivuli chochote anaanza upya.

Mkewe alimtazama siku nyingi bila kusema. Siku moja akauliza, "Baba Sekela, leo mmepiga risasi?"

"Hatujapiga."

"Jana je?"

"Wala jana."

"Sasa huo uchafu unatoka wapi?"

Aliinamisha kichwa akaendelea. Na mkewe, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa alijua vizuri uchafu ule unatoka wapi, hakumwongezea swali. Alimsogezea tu kibakuli cha majivu karibu.

Na watu walimsifu! Hapo ndipo maskini alipozidi kupotea. Mkuu wa kituo aliwaleta askari wapya nyuma ya nyumba ile, akawaambia, "Mwangalieni huyu. Huyu ndiye askari. Bunduki yake ingeweza kuwekwa maziwa mkanywa." Wale vijana wakashangaa, wakapiga saluti. Baba Sekela akaipokea saluti, na moyoni akajiona mnafiki, maana hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yule hakuwa anasafisha. Alikuwa anatubu. Alikuwa anatubu kosa lile lile, kwa ufito ule ule, miaka na miaka.

Basi ikafika siku ya kulenga shabaha, ile ambayo askari wote hupimwa. Zamani Baba Sekela alikuwa mtu wa kutazamwa siku hiyo. Wenzake waliacha soga wakaja kusimama nyuma yake. Akalala chini, akabana pumzi, akapiga. Walipoileta karatasi, matundu yalikuwa yametawanyika huku na huku, na mengine yalikuwa nje kabisa ya duara. Tundu moja lilikuwa refu kama ganda la karanga, kana kwamba risasi ilifika imelala ubavu.

Mkuu akasema, "Vipi leo, baba? Ni macho?"

"Ni jua, afande."

Jua lilikuwa mgongoni kwake.

Alirudi nyumbani siku ile hana raha hata kidogo. Alijitazama mikono kama inatetemeka, haikutetemeka. Akajifunga jicho moja, akasoma maandishi kwenye mfuko wa unga ulio mbali, akasoma vizuri. Sasa ni nini? Akahitimisha jambo ambalo wengi wetu tungelihitimisha. Akasema, hii ni adhabu. Mungu bado ananikumbusha. Sijasafisha vya kutosha. Na tangu siku hiyo akawa anasugua mara mbili, asubuhi kabla ya gwaride na jioni kabla ya chakula, na majivu akayaongeza.

Wapendwa, naomba mumhurumie. Hakuwa mvivu huyu, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu mzuri anayeogopa kumuumiza mtu tena.

Alasiri moja, yuko kwenye kigoda chake, akasikia filimbi ya getini. Ilikuwa inalia bila kupumzika. Akainuka na bunduki akakimbia, na mara hii hakupita njia ya tangi. Hakukuwa na muda. Alipotokeza aliona nyati dume, mzee, mpweke, wa wale wanaofukuzwa na kundi wakabaki na hasira ya peke yao. Amesimama barabarani karibu kabisa na geti. Na mfuata nyayo yuko mbele ya kibanda, ameegemea bati, filimbi mdomoni. Mguu ule hauwezi kukimbia. Wote wanajua hauwezi, pengine hata nyati.

Baba Sekela akapiga goti. Nawaambia alilenga vizuri kama alivyolenga ile siku ya kwanza, na moyo ukimwenda mbio aliutuliza, na akavuta kilimi, na bunduki ikalia. Haikukwama. Mchanga haukuwamo, hata chembe. Risasi ikaenda, ikatimua vumbi mbali kulia, mahali ambapo hapakuwa na nyati wala chochote.

Nyati akageuka, akaanza kuja.

Akakoki, akapiga tena. Risasi ya pili ikatoboa bati la kibanda, upana wa kiganja tu kutoka kwenye bega la mfuata nyayo.

Hebu jiwekeni mahali pake. Bunduki uliyoisafisha miaka yote kwa ajili ya mtu huyu, ili asiumie tena, ndiyo hiyo sasa nusura imuue. Ungefanya nini? Ungelenga tena?

Yeye aliitupa. Aliitupa chini bunduki ile kama kuni, akakimbia mikono mitupu, anapiga kelele ambazo hata mwenyewe hakuzijua. Akamfikia mwenzake, akamkumbatia kiunoni, wakaangukia wote wawili kwenye mtaro wa maji nyuma ya kibanda. Nyati akapita na kibanda, mabati yakaruka, nguzo ya geti ikavunjika, na kwa ghadhabu yake akaendelea moja kwa moja akaingia porini. Askari wengine walifika na gari wakamfukuzia mbali.

Wale wawili walibaki mtaroni kwenye tope, wanahema. Tangu siku ya hospitali hawakuwahi kuwa karibu vile.

Siku chache baadaye akaletwa fundi wa silaha kutoka makao makuu. Walikuwepo mkuu wa kituo, Baba Sekela, na mfuata nyayo aliyeitwa kueleza alichokiona. Fundi alitoa komeo, akachungulia ndani ya mtutu kwa upande wa nyuma, akachungulia tena kwa mbele. Akachukua risasi, akaigeuza, akaiingiza ncha kwenye mdomo wa bunduki. Katika bunduki isiyoharibika, ncha ya risasi huingia kidogo ikakwama, kwa sababu mdomo umebana. Hii ilizama yote mpaka kwenye ganda.

Fundi akauliza, "Bunduki hii imepiga risasi nyingi sana?"

Mkuu akasema, "Hapana. Chache. Huyu ni mtu wa kufukuza kuliko kuua."

"Ndani ya mtutu kuna mifereji midogo inayojizungusha mpaka mdomoni. Hiyo ndiyo inayoishika risasi ikazunguka, ikaenda ilikotumwa. Huku mwisho mifereji imekwisha. Ukingo wa mdomo umelika upande mmoja. Risasi ikifika hapa inatoka inavyotaka yenyewe." Akamtazama Baba Sekela. "Nani anaisafisha?"

"Ni mimi, afande. Kila siku."

"Kwa upande gani?"

"Kwa mdomoni."

"Kwa kutumia nini?"

"Ufito wa chuma na mafuta." Kisha kwa sauti ndogo, "Na majivu."

Mkuu wa kituo akataka kucheka, akaona uso wa mtu yule, akanyamaza. Fundi naye hakumdhihaki. Alisema taratibu tu, "Basi risasi hazikuila hii bunduki. Umeila wewe kwa kuisugua. Halafu hata ile siku ya zamani ninayoisikia, iliyokwama ni komeo. Mtutu haukuwa na kosa lolote. Kwa nini umeusugua hivi?"

Baba Sekela aligeuza macho kwenye mguu wa mwenzake.

Aliyejibu ni mfuata nyayo. Alisema, "Ni kwa ajili ya mguu wangu, afande."

Mfuata nyayo akajisogeza na fimbo yake mpaka mbele ya rafiki yake. Akamwambia, "Baba Sekela, kule hospitali nilikwambia nini?"

"Uliniambia yamekwisha."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mguu ni wa nani?"

"Ni wako."

"Sasa kama mwenye mguu amesema yamekwisha, wewe ulikuwa unamsafishia nani?" Akaiegemea fimbo yake. "Miaka yote hii nimekaa pale getini peke yangu. Nilikuwa nakuona unavyozunguka tangi la maji. Nikawa nasema, labda leo atapita. Mimi sikuhitaji bunduki safi, ndugu yangu. Nilihitaji mtu wa kukaa naye. Nyati alinichukua mguu. Rafiki nimechukuliwa na hayo majivu."

Wapendwa, mfano wenyewe umeishia hapo. Naona nyuso zenu. Mlidhani mchungaji atasema, mioyo yetu ni kama bunduki, tuisafishe kila siku isishike kutu. Mkaandaa na amina kabisa. Mahubiri hayo yapo, na ni mazuri, na wako wanaoyahitaji: wale wanaoilaza bunduki mchangani na kusema kesho. Aliyekosa na atubu, tena leo. Bunduki iliyopigwa inasafishwa vizuri, kwa upande unaotakiwa, inapakwa mafuta, inatundikwa. Lakini inatundikwa! Mtu anaondoka anakwenda kuishi.

Mimi leo nina neno na wale ambao hawajawahi kuitundika.

Yuko mama hapa aliyechelewa kumpeleka mtoto hospitali. Alidhani ni homa tu. Mama, umelia kwenye magoti yako kila mwaka, na Mungu alikusikia mara ya kwanza kabisa. Yuko baba aliyekorofishana na baba yake mzazi, hata kwenye msiba hakufika. Ameomba toba hata vitambaa vya madhabahu vinamjua. Yuko kijana aliyemwaibisha dada yake mbele ya watu. Dada alishasema yamekwisha, na hata akacheka, na kijana mpaka leo akimwona dada yake anakunja kona.

Na sisi tunaowaona, tunafanya nini? Tunawasifu. Tunasema, mwangalieni yule, anavyofunga, anavyolia, mtu wa toba kwelikweli. Tunawapigia saluti kama wale askari wapya. Mimi mwenyewe, mchungaji wenu, ni mara ngapi nimemsogezea mtu kibakuli cha majivu, nikidhani namsaidia?

Tunachokisugua si uchafu tena. Uchafu ulishatoka. Tunasugua kile kitu chenyewe alichotupa Mungu cha kutuongoza. Tunakisugua mpaka siku tunapohitajika, siku mke anapohitaji neno zuri au mtoto anapohitaji baba mwenye furaha, tunalenga vizuri kabisa, na neno linakwenda pembeni. Tunakuwa wakali bila sababu. Tunawaumiza wale wale tuliokuwa tunaogopa kuwaumiza. Halafu jioni tunasema, ni adhabu, sijatubu vya kutosha, na tunaongeza majivu.

Ndugu yangu, dada yangu, umesamehewa na Mungu aliye mwenye haki kuliko wewe. Ukiendelea kujihukumu baada ya yeye kukufungulia, unamwambia hajui kazi yake. Na ukinyenyekea kiasi hicho, huo nao si unyenyekevu tena.

Sasa nisikilizeni, halafu niketi. Kila Jumapili nikimaliza huwa nawaita wenye mzigo waje hapa mbele tuwaombee, na wengine wenu nawajua hata hatua zenu, maana mnakuja na mzigo ule ule. Leo siwaiti. Leo msije kwangu. Katika kanisa hili, pengine kwenye benchi hilo hilo ulilokalia, yuko mtu aliyekusamehe zamani, na tangu siku hiyo hujamtazama machoni. Hasubiri umwombe radhi tena. Anakusubiri wewe tu.

Kwaya itaimba sasa. Sisi wengine tutafumba macho. Inuka, uende ukakae karibu naye.